Eksirei inafika Mpanda kwa lori, mtaalamu wake anatoka wapi?

MASHINE ya eksirei ikishalipiwa hupakiwa kwenye lori, huvuka Tabora, huingia Mpanda na kufungwa chumbani ndani ya muda mfupi. Mtu wa kuiendesha hapatikani kwa njia hiyo. Yeye huanzia kidato cha sita chenye masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, hukaa chuo kikuu kwa miaka isiyopungua mitatu, husimamiwa hatua kwa hatua mbele ya wagonjwa wengi, ndipo huruhusiwa kubonyeza kitufe akiwa peke yake. Kwa kijana wa Mkoa wa Katavi, kila kinachofuata baada ya kidato cha sita kiko nje ya mkoa wake.

Suala hili si dogo kwa wakazi wa mkoa huo. Katavi ilimegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, Mpanda ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka huo iliwahesabu wakazi 564,604. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu 1,152,958. Kwa maneno mengine, katika miaka kumi watu wameongezeka zaidi ya mara mbili, na miongoni mwao wamo wachimbaji wadogo wa dhahabu ambao vifua vyao vimekula vumbi la mwamba, vijana wa bodaboda wenye miguu iliyovunjika, wafugaji waliopigwa teke na ng'ombe na wajawazito wanaotaka kujua mtoto amelalaje. Wote hao mwisho wa safari yao ni mlango mmoja wa hospitali, ule wenye taa nyekundu juu yake.

Serikali kwa upande wake imenunua vifaa. Katika mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021 kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, sehemu ilitengwa kununulia mashine za CT-Scan na eksirei za kidijitali kwa hospitali za umma. Hatua hiyo ilipongezwa, na ilistahili kupongezwa. Lakini vifaa huenda haraka kuliko watu, na pengo hilo huonekana zaidi kadiri mtu anavyosogea mbali na Dar es Salaam.

Nani hasa ni 'mtu wa eksirei'

Mitaani, yeyote anayefanya kazi katika chumba hicho huitwa 'daktari wa eksirei'. Jina hilo linachanganya kazi tatu tofauti. Wa kwanza ni mteknolojia wa mionzi. Huyu ndiye anayempokea mgonjwa, anampanga, anachagua nguvu ya mionzi na kupiga picha. Wa pili ni daktari bingwa wa radiolojia, ambaye alisomea udaktari kwanza kisha akabobea katika kusoma picha na kuandika ripoti. Wa tatu ni mwanafizikia tiba, anayepima mashine, kuhakiki viwango vyake na kupiga hesabu za dozi, hasa kwa wagonjwa wa saratani. Wa tatu huyu mgonjwa hamwoni mara nyingi, lakini usalama wake uko mikononi mwake.

Makala haya yanamhusu wa kwanza. Ndiye anayehitajika kwa wingi zaidi, na ndiye ambaye katika hospitali nyingi za mikoani na wilayani hubaki peke yake chumbani, bila bingwa wala mwanafizikia wa kumuuliza.

Vyuo vilipo

Hapa nchini, shahada za fani hii hutolewa katika vyuo vichache. Kipo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) jijini Dar es Salaam, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na kipo Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi (CUHAS) cha Bugando, Mwanza. Katika vyuo vyote viwili, mwanafunzi wa shahada hufundishwa matawi mawili kwa pamoja: kupiga picha za uchunguzi na kutoa tiba ya saratani kwa mionzi. Ngazi ya stashahada nayo ipo, na wahitimu wake ndio walioshikilia vyumba vingi vya eksirei nchini kwa miongo mingi. Nje ya mipaka, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda nacho kina shahada ya radiografia.

Katavi nayo haikosi chuo kikuu kabisa. Ipo Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), wilayani Mlele. Lakini ile ni kampasi ya chuo cha kilimo, na anayetaka kusomea mionzi hana budi kufunga begi. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwenda Mwanza ni karibu zaidi, ingawa nako msafiri hupita Tabora. Barabara ya lami kati ya Tabora na Mpanda, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, imepunguza adha. Kabla ya hapo, msimu wa masika ulikuwa na uwezo wa kumfanya mwanafunzi achelewe muhula.

Nauli si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kikwazo kikubwa ni Fizikia. Mwanafunzi asiye na Fizikia ya kidato cha sita hawezi kuingia shahada hii moja kwa moja, na kila mwalimu wa sekondari wa mikoa ya pembezoni anajua jinsi ilivyo vigumu kumpata mwalimu wa somo hilo, achilia mbali maabara yenye vifaa. Hivyo basi, uhaba wa wataalamu wa mionzi hospitalini huanzia mbali sana na hospitali. Huanzia kwenye darasa la kidato cha tatu ambalo mwanafunzi anachagua kuliacha somo la Fizikia.

Darasani: kwanza mwanafunzi hufundishwa kuogopa kwa kiasi

Eksirei ziligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mnamo Novemba 8, 1895. Ndani ya miezi michache madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakizitumia, bila kujua wanachokishika. Waliweka mikono yao wenyewe mbele ya mashine ili kujaribu kama inafanya kazi. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, aliungua mikono, akakatwa, na akafariki dunia mwaka 1904. Mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1936 ulizinduliwa mnara wenye majina zaidi ya 150 ya madaktari, wauguzi na mafundi waliokufa kwa ajili ya kazi hiyo.

Historia hiyo hufundishwa mapema kwa makusudi. Mionzi haionekani, hainuki, haina joto linalohisiwa, na anayeizoea huisahau. Kwa sababu hiyo mwanafunzi hujengewa nidhamu ya mambo matatu: muda, umbali na kinga. Akae karibu na mionzi kwa muda mfupi iwezekanavyo. Asimame mbali, kwa kuwa mtu anayesogea kutoka mita moja hadi mita mbili kutoka kwenye chanzo hupunguza mionzi inayomfikia hadi robo, si nusu kama wengi wanavyodhani. Na aweke kitu kizito katikati, ambacho mara nyingi ni madini ya risasi.

Hapa Mpanda ina jambo lake la pekee. Reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ililetwa katika mji huo kwa ajili ya madini, na katika miaka ya 1950 mgodi wake ulikuwa ukitoa madini hayo hayo ya risasi. Leo yanarudi mjini yakiwa ndani ya aproni nzito ya chumba cha eksirei, na ndani ya kuta na milango inayozuia mionzi isiwafikie wanaosubiri kwenye benchi.

Baada ya woga huja vipimo. Dozi ya mionzi hupimwa kwa milisieveti. Binadamu wa kawaida hupokea wastani wa milisieveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na hewa, hata kama hajawahi kukanyaga hospitali. Picha moja ya kifua humwongezea takriban milisieveti 0.1, sawa na wiki mbili hivi za kuishi kama kawaida. CT-Scan ya tumbo inaweza kufika milisieveti 10, yaani picha mia moja za kifua kwa mkupuo mmoja. Tofauti hiyo ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa kuuliza, kabla ya kuwasha mashine kubwa, kama kipimo kidogo hakitoshi.

Kwa wafanyakazi, kiwango kinachokubalika kimataifa ni wastani wa milisieveti 20 kwa mwaka. Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo naye huhesabiwa humo, hivyo huvaa kibeji cha kupimia mionzi kifuani kama walimu wake. Hapa nchini msimamizi wa masuala hayo ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo hukagua vyumba, hutoa leseni za mashine na kusoma vibeji hivyo.

Aidha, mwanafunzi hufundishwa kuwatoa wananchi hofu isiyo na msingi. Utrasaundi hutumia mawimbi ya sauti na MRI hutumia sumaku. Hakuna kati ya hizo inayotumia mionzi ya aina ya eksirei. Na eksirei yenyewe haibaki mwilini. Kitufe kikiachwa imekwisha, kama mwanga wa taa iliyozimwa.

Chumbani: 'vuta pumzi, zuia'

Yote hayo hufundishika kwa ubao. Yafuatayo hayafundishiki.

Picha ya kifua ndiyo ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayofichua haraka kama mtu alifundwa au aliokoteza kazi. Mgonjwa husimama akiitazama sahani ya picha, kidevu juu, mabega yamesukumwa mbele ili mifupa yake isifunike mapafu. Mashine hukaa nyuma yake umbali wa takriban mita 1.8. Kisha huambiwa avute pumzi hadi mwisho na aizuie. Picha ikitoka, mwanafunzi huhesabu mbavu za nyuma. Zikionekana tisa au kumi juu ya kiwambo, mgonjwa alivuta pumzi vya kutosha. Zikiwa saba, mapafu yamejikunja, na moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Daktari asiye na uzoefu anaweza kumwandikia mtu huyo dawa za moyo, kumbe kosa lilikuwa la pumzi.

Masomo ya chuo kikuu hutolewa kwa Kiingereza. Pumzi huvutwa kwa Kiswahili, na kwa Katavi, pengine kwa Kisukuma, au kwa Kirundi kwa wazee wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi katika miaka ya 1970. Mtoto wa miaka mitatu haelewi lugha yoyote kati ya hizo akiwa analia, na humo ndimo ustadi ulipo: kuusubiri ule mkupuo wa pumzi kati ya kilio kimoja na kingine. Somo la namna hiyo mwanafunzi huliiba kwa macho kutoka kwa msimamizi wake.

Kwa mifupa, kanuni ni picha mbili zilizopigwa kwa pande mbili tofauti. Ufa wa mfupa unaweza kujificha kabisa ukitazamwa kutoka mbele, ukajitokeza ukitazamwa kutoka ubavuni. Herufi inayoonyesha kulia au kushoto huwekwa kabla ya kupiga picha. Kuiandika baadaye kwa kukumbuka ni mlango wa makosa ambayo mgonjwa huyagundua akiwa tayari na bandeji kwenye mguu mzima.

Lipo pia swali ambalo ni gumu kuliko kanuni zote za fizikia. Kabla ya kumpiga mwanamke picha ya nyonga au tumbo, mteknolojia anapaswa kumuuliza kama huenda ni mjamzito, kwa kuwa kijusi ni dhaifu mbele ya mionzi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliitaja Katavi kuwa mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko mingine yote cha mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au walikuwa wajawazito. Binti wa umri huo akiulizwa mbele ya baba yake, atajibu hapana. Akiulizwa na kijana wa rika lake kwa sauti ya juu, huenda asijibu kabisa. Mwanafunzi anapaswa kujua namna ya kumtoa mzazi nje kwa adabu, kufunga mlango na kuuliza kwa lugha isiyomhukumu binti. Katika mkoa huu hilo ni somo la usalama wa mionzi, halina budi kupewa uzito sawa na unene wa aproni.

Upande wa saratani

Tawi la pili la shahada hii halipo Katavi. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani ilitolewa sehemu moja tu nchini, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, hadi Bugando ilipojiunga katika miaka ya 2010. Hizo ndizo hospitali ambako wanafunzi hujifunzia tawi hilo.

Kazi yake ni tofauti kabisa na ya picha. Mgonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi, ambayo inaongoza kwa wanawake nchini, hulazwa kwenye meza ileile, katika mkao uleule, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano au zaidi. Kila siku alama zilizochorwa kwenye ngozi yake lazima zikutane na mistari ya mwanga kwa usahihi wa milimita. Mionzi ikipotoka kidogo, itaunguza kibofu na kuiacha saratani.

Kwenye mashine za kobalti-60, mwanafunzi hukutana na hesabu nyingine. Chanzo cha mionzi hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi michache. Dozi iliyokuwa ikitolewa kwa dakika mbili mashine ikiwa mpya huhitaji dakika nne baada ya muda huo, na foleni nje ya mlango hurefuka ingawa idadi ya wagonjwa ni ileile. Kwa mwanamke aliyetoka Mpanda akiacha watoto na shamba, na ambaye analipia malazi mjini, dakika hizo ni siku za ziada.

Alichojifunza Muhimbili, anachokikuta Mpanda

Hospitali kubwa ni mahali pazuri pa kujifunzia. Mashine ni nyingi, wagonjwa ni wa kila aina, na bingwa yuko chumba cha pili. Tatizo ni kwamba mhitimu hapangiwi kazi katika mazingira hayo. Anapangiwa wilayani.

Huko hukuta mambo ambayo mtaala huyagusa kwa mbali. Umeme ni mojawapo. Kwa miaka mingi Katavi ilitegemea majenereta ya dizeli, huku wananchi wakiisubiri njia ya umeme wa msongo mkubwa kutoka Tabora. Eksirei huvuta umeme mwingi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Umeme ukiyumba wakati huo, picha hutoka hafifu, ikarudiwa, na mgonjwa akapata dozi mara mbili. Jambo la pili ni upweke. Picha huangaliwa na daktari wa zamu ambaye pengine hakupata mafunzo marefu ya kuisoma, naye mteknolojia, aliyeona maelfu ya vifua, hunyamaza kwa kuwa kuandika ripoti si kazi yake.

Uingereza ilikumbana na hali inayofanana na hiyo katika miaka ya 1980, na ikapata njia rahisi. Mteknolojia aliyeona jambo lisilo la kawaida kwenye picha alibandika kidoa chekundu pembeni, bila kuandika neno. Daktari akikiona, huitazama picha mara ya pili. Utaratibu huo haukuhitaji mashine mpya, bali ulihitaji wanafunzi wafundishwe kutambua ugonjwa, wala si kupiga picha safi pekee. Mashine za kidijitali zimeongeza njia nyingine, ya kutuma picha kwa intaneti hadi kwa bingwa aliye mbali, lakini hata hiyo huanza na mtu wa Mpanda anayejua ni picha ipi isiyoweza kusubiri hadi kesho.

Ni vigumu kuona sababu ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kutopelekwa kwenye hospitali ya aina hiyo kwa wiki kadhaa kabla ya kuhitimu. Kinachohitajika ni msimamizi aliyesajiliwa na baraza la kitaaluma lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, vibeji vya kutosha, mahali pa kulala na posho ya kula. Gharama ipo, na msimamizi aliye peke yake hawezi kubebeshwa wanafunzi kumi. Wawili wanamtosha. Mwanafunzi aliyewahi kuishi Mpanda, akanunua dagaa wa Ziwa Tanganyika sokoni na kuwazoea watu wake, ana uwezekano mdogo wa kukimbia akipangiwa huko.

Kwa mzazi mwenye kijana aliyesoma PCB, matokeo ya kidato cha sita hutangazwa karibu na Julai, na dirisha la udahili linalosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hufuata muda mfupi baadaye. Majina ya shahada hizi hutofautiana kati ya chuo na chuo: kimoja huitaja radiografia, kingine picha za tiba. Mwombaji asome mwongozo wa TCU wa mwaka husika hadi ukurasa wa chuo anachokitaka, kwani wengi huikosa fani hii kwa kuitafuta kwa jina la 'eksirei'.